Kabla ya kupiga Windows, mwacheni fundi aione hitilafu ikirudi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji tuzungumzie jambo ambalo linawapotezea watu wa Dodoma pesa, muda na kazi zao bila sababu. Mtu anafungua programu ya kuandikia maandishi au msimbo, dirisha linamwonyesha mambo ya ajabu. Mstari wa mwisho umekatwa kiunoni. Maandishi ya ukurasa uliopita yamebaki na kulaliana na ya sasa. Nusu ya dirisha ni nyeupe tupu. Kielekezi kinapepesa hapa, herufi zinatokea pale. Anabeba kompyuta hadi kwa fundi, fundi anaitazama dakika mbili na kutoa hukumu: hii ni kupiga Windows tu, yaani kuifuta na kuiweka upya. Jioni kompyuta inarudi kama imetoka dukani, bila mipangilio, bila viendelezi (nyongeza alizoweka kwenye programu), pengine bila hata mafaili. Siku chache baadaye mstari wa mwisho unakatwa tena palepale.

Unakatwa tena kwa sababu chanzo hakikuguswa. Windows mpya inapowekwa hurudisha ukuzaji uleule wa skrini (asilimia ya kukuza maandishi na picha) iliokuwa ikiupendekeza mwanzo, hupokea draiva ileile, yaani programu inayoongoza kifaa, ya kadi ya grafiki inayochora kiooni, na mwenye kompyuta akiingia kwenye akaunti yake viendelezi vyote vinajipakua upya. Kilichofutika ni ushahidi. Tunachowaomba wenye kompyuta, mafundi na watu wa TEHAMA maofisini ni kimoja: hitilafu irudiwe kwanza, kwa hatua zinazojulikana, mbele ya macho ya atakayeitengeneza. Ile isiyoweza kuitwa ikaja haiwezi kuthibitishwa kwamba imeondoka.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayowasukuma watu kwenye uamuzi wa haraka. Maandishi unayoyaona kwenye dirisha siyo faili lako. Programu ina nakala ya maandishi kwenye kumbukumbu, halafu ina kazi nyingine kabisa ya kuyachora kwenye kioo: kuamua mstari upi uwe wa kwanza juu, kila herufi ichukue pikseli (nukta za kioo) ngapi, na sehemu ipi ichorwe upya baada ya wewe kubofya kitufe. Ili kuokoa muda, programu haichori dirisha zima kila mara, huchora palipobadilika tu. Ikikosea kukadiria palipobadilika, mabaki ya zamani hubaki kiooni. Basi ilazimishe ichore yote. Kwenye Vim, programu ya kuandikia msimbo, bonyeza Ctrl+L. Kwenye Emacs, nayo ya namna hiyo, Ctrl+L pia husaidia, na ukitaka uhakika andika M-x redraw-display (M-x ni kubonyeza Alt na x). Kwenye programu nyingine punguza dirisha lote hadi chini kisha ulirudishe, au livute ukingo wake kidogo. Mauzauza yakiondoka, maandishi yako ni mazima na kilichokosewa ni uchoraji. Hifadhi faili kwa jina jingine, lifungue kwa programu nyingine, utulie.

Jaribio la pili ni la sekunde tano, nalo tunashangaa mafundi wengi hawalifanyi. Piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kwa Win+Shift+S, itume kwenye simu na uitazame huko. Kasoro ikionekana kwenye picha, ilikuwa ndani ya kile kompyuta ilichokiandaa: programu, viendelezi, mfumo au draiva. Kama picha ni safi huku kioo kikiendelea kuonyesha mistari, acha programu kabisa. Tazama waya wa skrini, kioo chenyewe, au mkanda unaopita kwenye bawaba ya kompyuta mpakato. Fungua na kufunga kifuniko polepole. Mistari ikibadilika kwa kufuata bawaba, umeshapata jibu bila kufungua programu hata moja.

Kuna ugonjwa mmoja unaojifanya wa dirisha na siyo wa dirisha. Andika neno ng’ombe kwenye Word. Word hubadilisha alama nyoofu ya juu kuwa ile iliyopinda. Sasa peleka maandishi hayo kwenye faili la kawaida, ulifungue kwa programu inayodhani faili ni la mfumo wa zamani wa herufi wa Windows, na utaona ngâ€™ombe. Mtu wa Chang’ombe akiliona jina la kata yake limevurugika hivyo atasema kioo kimeharibika, au fonti, au virusi. Hapana. Katika UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, alama ile iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu, E2, 80 na 99, na mfumo wa zamani unazisoma kama herufi tatu tofauti. Kinyume chake pia hutokea: faili lililohifadhiwa kwa mfumo wa zamani, ambako alama hiyo ni baiti moja tu, 92, likisomwa kama UTF-8 hutoa almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani. Kwa hiyo vihesabu vitu vigeni. Vitatu mahali pa kimoja: faili ni UTF-8 na limesomwa kizamani. Almasi moja: faili ni la zamani na limesomwa kama UTF-8. Notepad ya Windows 10 ilianza kuhifadhi kwa UTF-8 bila kuulizwa kuanzia toleo la Mei 2019, ndiyo maana ofisi yenye kompyuta za umri tofauti huyaona yote mawili.

Hapo tahadhari ni kubwa kuliko kwenye hitilafu yoyote ya uchoraji. Usihifadhi. Almasi ikihifadhiwa, baiti ya mwanzo imepotea na hakuna programu itakayoirudisha. Lifunge faili, lifungue upya na uchague mfumo sahihi wa usomaji. Kwenye VS Code, programu nyingine ya kuandikia msimbo, bofya jina la mfumo wa herufi kwenye mstari wa chini wa dirisha, chagua kufungua upya, siyo kuhifadhi. Kwenye Notepad++ menyu ya mifumo ya herufi ina makundi mawili yanayofanana machoni. La kwanza husoma upya baiti zilezile kwa mfumo mwingine. La pili hubadilisha baiti zenyewe. Ukiwa bado unachunguza tumia la kwanza peke yake.

Sasa hitilafu inayotupasa kukaa nayo zaidi, kwa sababu mji wetu umeumbwa kuizalisha. Dodoma ni mji wa mikutano. Kompyuta ileile asubuhi imeunganishwa kwenye skrini kubwa ya mezani ofisini Mtumba, mchana iko kwenye projekta ya ukumbini, jioni iko yenyewe nyumbani. Kila kioo kina ukuzaji wake. Windows huhesabu nukta 96 kwa inchi kuwa asilimia 100. Asilimia 125 ni nukta 120, asilimia 150 ni 144, asilimia 200 ni 192. Kompyuta mpakato nyingi hukaa kwenye 125 au 150, projekta hukaa kwenye 100. Dirisha linalovutwa kutoka kioo kimoja kwenda kingine linapaswa kujipima upya njiani. Windows iliweza kutoa ukuzaji tofauti kwa kila kioo tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013, lakini kuweza kwa mfumo hakumaanishi kila programu inajua.

Tuchukue hesabu ya mstari wa mwisho uliokatwa. Tuseme mstari mmoja wa maandishi una kimo cha pikseli 19 kwenye asilimia 100. Kwenye 125 kimo hicho kinakuwa 23.75. Kioo hakina robo tatu ya pikseli, hivyo mchoraji atachora mistari ya pikseli 24. Ikiwa sehemu ya programu inayohesabu mistari mingapi inaenea dirishani inatumia 23.75 huku sehemu inayochora inatumia 24, kila mstari unazidi kwa robo pikseli. Kwa mistari 30 ziada ni pikseli 7.5, karibu theluthi ya mstari, na anayeumia ni yule wa chini kabisa. Kwenye 150 kimo ni 28.5, kinachorwa 29, ziada ya mistari 30 inafika pikseli 15: nusu ya mstari wa mwisho imezama. Kwenye 200 kimo ni 38 kamili na hakuna ziada hata moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayokupa jaribio. Weka ukuzaji 100, funga programu na uifungue, angalia mstari wa mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa 125, 150 na 200. Kasoro ikionekana kwenye 125, ikizidi kwenye 150, na isiwepo kabisa kwenye 100 na 200, umekamata kosa la kukadiria sehemu za pikseli na unaweza kumwambia mtengenezaji hivyo bila kubahatisha. Thibitisha kwa upande wa pili: badilisha kimo cha mstari kiwe 20, kwenye VS Code ni mpangilio uitwao editor.lineHeight, kisha rudi 125. Ishirini mara 1.25 ni 25 kamili. Kwenye 150 ni 30 kamili. Kasoro ikitoweka, shaka imekwisha, na umejipatia pia njia ya kuendelea na kazi wakati unasubiri marekebisho. Usisahau kuifunga programu kila ubadilishapo ukuzaji, maana programu nyingine hupima kioo mara moja tu zinapowaka. Na hilo lenyewe ni dalili: ikiwa dirisha linaharibika ukilivuta kwenda kwenye projekta lakini ukifunga na kufungua likiwa hukohuko linakaa sawa, kosa halipo kwenye robo pikseli. Programu haijipimi upya inapohama. Ni hitilafu mbili tofauti, zenye sura inayofanana, na atakayeziripoti kama moja atazichelewesha zote.

Kama ukuzaji haubadilishi kitu, nenda kwenye kadi ya grafiki. VS Code imejengwa juu ya Electron, ambayo ndani yake ina injini ya kivinjari cha Chromium, hivyo uchoraji wake mwingi hupitia kadi ya grafiki. Funga madirisha yake yote, fungua kwa amri code --disable-gpu, urudie hatua zako. Tunasisitiza kufunga yote, kwa sababu programu ikiwa bado iko hai amri mpya humkabidhi kazi yule anayeendelea, na maelekezo yako yanapotea kimyakimya. Watu wengi hufanya jaribio hili, huona kasoro ipo bado, na huondoka wakiamini kadi haina kosa, kumbe hawakujaribu chochote. Kwenye Emacs mtego wa namna hiyo ni kufungua kwa emacsclient, inayojiunga na Emacs iliyo hai tayari, ukidhani umeanza upya. Ikiwa bila kadi dirisha ni safi, bonyeza Win+Ctrl+Shift+B. Kioo kitazima kidogo na draiva itajiwasha upya. Kasoro ikiondoka kwa muda kisha ikarudi, mtuhumiwa ni draiva. Chukua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Zile sidii na flashi za draiva za kila kompyuta zinazozunguka mjini ziacheni.

Viendelezi navyo. Jaribu programu ikiwa tupu: code --disable-extensions, vim --clean, emacs -Q, au notepad++ -noPlugin. Word huwashwa kwa winword /safe, na LibreOffice ina hali ya usalama kwenye menyu ya msaada. Kwa Emacs herufi ni Q kubwa. Ile q ndogo huruka faili lako la mipangilio lakini bado husoma mipangilio iliyowekwa na msimamizi wa mashine, na kwenye maabara za vyuo mipangilio hiyo ipo. Programu tupu ikiwa nzima, kosa limo katika ulivyoviongeza, na hapo usitoe kiendelezi kimoja kimoja. Gawa nusu. Zima 16 kati ya 32, jaribu. Kasoro ikiwepo chukua kundi lililowaka uligawe tena, isipokuwepo geukia lililozimwa. Kwa mizunguko 5 umekifikia kimoja. VS Code ina amri inayofanya mgawanyo huu yenyewe: bonyeza Ctrl+Shift+P, tafuta “Start Extension Bisect”, nayo itakuuliza kila mzunguko kama kasoro ipo au haipo. Faili la mipangilio la Emacs lenye mistari 200 linahitaji majaribio yasiyozidi 8.

Mgawanyo wa nusu una udhaifu mmoja na tunautaja kwa sababu huwavunja watu moyo. Vikiwa viendelezi viwili vinagombana, kila kimoja kikiwa peke yake hakina kosa, na kugawa kutavitenganisha ukabaki na makundi mawili yote mazima. Ukifika hapo geuza njia: anza na vyote vikiwa vimewaka, toa kimoja kimoja, na kile ambacho kukitoa kunaondoa kasoro kiandike kisha ukirudishe. Kwa kawaida utabaki na viwili.

Hitilafu ngumu ni ile inayokuja na kuondoka. Hapa neno “wakati mwingine” halimsaidii mtu. Rudia hatua mara 20 na uandike namba: mara 4 kati ya 20. Namba hiyo hufanya kazi pia siku ya marekebisho. Kitu kinachotokea mara 1 kati ya 5 kina nafasi ya zaidi kidogo ya 1 kati ya 10 ya kutojitokeza kabisa katika majaribio 10, hata kama hakuna aliyekirekebisha. Ukijaribu mara 20 nafasi ya kudanganyika inashuka hadi karibu 1 kati ya 87. Ndiyo sababu hatukubali fundi anayefungua dirisha mara mbili, akaona limetulia, akasema limepona.

Wakati wa kuhesabu andika pia kompyuta ilikuwa kwenye chaja au betri. Kompyuta zenye kadi mbili za grafiki huweza kubadili kutoka kubwa kwenda ndogo umeme unapokatika, na hitilafu inayotokea “umeme ukikatika tu” huwa na maelezo hayo ya kawaida kabisa. Andika dirisha lilikuwa limegawanywa au la, na ukubwa wa faili. Zaidi ya ukubwa, andika urefu wa mstari mrefu kuliko yote. Mafaili yanayotolewa na mifumo ya takwimu mara nyingi huwa mstari mmoja wenye mamilioni ya herufi, na programu iliyotulia kwenye mistari laki moja mifupi hupiga magoti mbele ya mmoja mrefu. Emacs ilikuwa na udhaifu huo miaka mingi, ikaupunguza sana kuanzia toleo la 29 la mwaka 2023. Mwenye toleo la zamani asihangaike kuchunguza, asasishe kwanza.

Faili lenye kuleta kasoro lipunguze kwa mgawanyo uleule wa nusu, hadi ukifuta mstari mmoja zaidi kasoro inaondoka. Na hapa, kwa mji wenye wizara zote, tuseme wazi: usitume faili halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haikutoa ruhusa kwa anayetafuta hitilafu. Badilisha kila herufi ya jina na kila tarakimu ya simu iwe x, lakini usiguse urefu, nafasi za tabo, idadi ya mistari wala alama zisizo za kawaida, kwa sababu mara nyingi kasoro imejificha humo. Kisha jaribu tena, uone kama faili la x bado linaileta. Kwenye picha ya skrini kumbuka majina ya mafaili yaliyo kwenye vichupo vya juu na njia ya folda kwenye kichwa cha dirisha. Hayo husahaulika.

Yakishapatikana hayo yote, taarifa inaandikika kwa mistari michache. Hii hapa ni taarifa tunayoweza kuifanyia kazi: “VS Code, toleo kama linavyotolewa na amri code --version. Windows, toleo kama linavyoonyeshwa na winver. Kioo 1920 kwa 1080, ukuzaji 125. Viendelezi vimezimwa. Hatua: fungua faili lililoambatishwa lenye mistari 60, gawanya dirisha kwa Ctrl na mkwaju wa nyuma, nenda mwisho wa faili kwa Ctrl+End. Nilitarajia kuona mstari wa 60 mzima. Naona nusu yake ya juu tu. Mara 20 kati ya 20. Kwenye ukuzaji 100, mara 0 kati ya 20.” Linganisha na ile tunayoizoea: “Dirisha halionyeshi vizuri, naomba msaada wa haraka.” Ya kwanza mtu aliye bara jingine anaweza kuirudia kwenye meza yake ndani ya dakika tatu. Ya pili itajibiwa kwa maswali kumi, na mwulizaji hatarudi kuyajibu. Wenzetu wanaohofia Kiingereza chao watambue kwamba hatua zilizopangwa kwa namba hazihitaji ufasaha. Emacs hukusanya matoleo na mipangilio yenyewe ukiandika M-x report-emacs-bug, Notepad++ ina taarifa za namna hiyo kwenye menyu yenye alama ya kuuliza, na VS Code ina fomu kwenye menyu ya msaada.

Majina yanapaswa kuwa ya programu husika, na kwa Emacs hili si suala dogo. Emacs ya kwanza iliandikwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1976, na GNU Emacs ikatoka 1985, mwaka uleule Windows ya kwanza ilipotolewa. Kwa Emacs, dirisha ni kipande kilichogawanywa ndani. Kile ambacho wengine wote tunakiita dirisha, chenye kichwa na kitufe cha kufungia, wao hukiita fremu. Ukiandika kwamba “nikifungua dirisha la pili la kwanza linaganda”, msomaji wa upande wao atabonyeza C-x 2 (Ctrl na x, kisha 2), atagawanya, hataona kitu, atafunga taarifa yako. Wewe ulimaanisha C-x 5 2. Andika vitufe ulivyobonyeza, kwa sababu vitufe havina tafsiri mbili.

Kwa wanafunzi wa kompyuta walioko Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine, hatua inayofuata ni nzuri zaidi. Kama toleo la zamani lilikuwa zima na jipya ni bovu, na msimbo uko wazi, git bisect, amri ya kugawa nusu historia ya msimbo, itagawa mabadiliko 1,000 kati ya matoleo hayo na kukufikisha kwenye badiliko lenyewe kwa majaribio 10 hivi. Chukueni historia nzima ya msimbo, si ile fupi ya badiliko la mwisho tu, maana bila historia hakuna cha kugawa. Kwa mradi kama Emacs ni mzigo wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo upakueni mara moja kwenye mtandao wa chuo na mgawane kwa flashi badala ya kila mmoja kumaliza bando lake.

Tumewataja mafundi kwa ukali, na haki inataka tuseme upande wa pili. Fundi hukimbilia kupiga Windows kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo mteja anakubali kuilipia. Akikaa saa moja na nusu akagundua kwamba tatizo ni ukuzaji wa 125, akabadilisha namba moja, mteja ataona hakufanya chochote na atataka kulipa nauli ya daladala. Wateja, lipeni uchunguzi. Kubalianeni bei yake kabla, tofauti na bei ya kutengeneza, na mdai karatasi yenye hatua za kurudia hitilafu, toleo la programu, ukuzaji, na hesabu ya majaribio kabla na baada. Karatasi hiyo ni mali yenu. Kasoro ikirudi hamtaanza upya kwa fundi mwingine.

Kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA ombi letu ni dogo: fomu ya kupokea matatizo iongezewe nafasi ya hatua za kurudia, na tiketi isifungwe hadi hatua zilezile zifanywe tena idadi ileile ya mara, kwenye chaja na kwenye betri, kwenye kioo cha kompyuta na kwenye projekta, viendelezi vikiwa vimerudishwa vyote. Na kwa wakufunzi: mpeni mwanafunzi alama kwa hatua zinazorudisha hitilafu kila mara, hata kama hajaweza kuirekebisha.

Ni sisi wasomaji wako,
Watengenezaji na wakufunzi wa programu,
Dodoma.